Kiatu cha Baniani twakijua, imani yake je? Lakshmi, Diwali na ujirani wa Kitengela

Tarehe 20 Oktoba 2025 mambo matatu yalikutana siku moja hapa Kenya. Ilikuwa Siku ya Mashujaa. Ilikuwa pia siku moja tu baada ya Raila Odinga kuzikwa Bondo, siku tano tangu alipofariki akiwa katika jimbo la Kerala, India. Na jioni yake, kwa Wakenya wa dini ya Kihindu, ilikuwa Diwali: usiku wa kuwasha taa na kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na utajiri, ndani ya nyumba na ndani ya duka.

Mambo mawili ya mwanzo kila Mkenya aliyajua. La tatu liliwapita wengi. Ukiwauliza watu walio kwenye foleni ya matatu pale Kitengela Diwali ni nini, wengi watakwambia ni sikukuu ya Wahindi, siku ya fataki na vitamutamu, siku ambayo bosi huenda akafunga lango mapema. Lakshmi ni nani, na kwa nini vitabu vya hesabu huombewa usiku huo, hayo hayamo kwenye mazungumzo.

Kutojua huko si jambo dogo. Kitengela ni mji ambao maelfu ya watu hutegemea mishahara ya viwanda na maduka, na sehemu ya viwanda na maduka hayo ni mali ya Wakenya wenye asili ya Bara Hindi. Tunafanya kazi pamoja mchana kutwa, jioni kila mtu na mlango wake. Pale ambapo watu wajuana kwa pesa tu, siku pesa inapoleta ugomvi hakuna kingine cha kuwashika pamoja. Ndiyo maana imani ya jirani ni jambo la siasa na la riziki, wala si la mashehe, mapadri na mapandita peke yao.

Mhindi si lazima awe Mhindu

Tuanze na maneno. Kiswahili chetu kina hazina ambayo hatuitumii vizuri. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na neno la tatu, Baniani, kwa wafanyabiashara Wahindu waliokuja kutoka Kutch na Gujarat, na hawakumchanganya Baniani na Bohora, Khoja, Mgoa wala Kalasinga. Walijua nani aswali wapi.

Leo hata huku kwetu wengi husema "Mhindi" wakimaanisha wote hao kwa pamoja. Kule Kajiado kuna mfano mzuri wa makosa hayo. Magadi, ambako magadi yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100, kampuni iliyopo ni ya Tata kutoka India. Wengi husema ni "ya Wahindu". Lakini ukoo wa Tata ulioanzisha biashara hiyo ni wa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster yenye asili ya Uajemi. Hawana uhusiano wa ibada na Lakshmi.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wahindu 60,287 katika Kenya nzima, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Ni wachache mno. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Bara Hindi kuwa kabila la 44 la nchi hii, miezi michache baada ya Wamakonde wa Kwale kutambuliwa kuwa la 43. Kutambuliwa kwenye gazeti rasmi la serikali ni hatua. Kutambuliwa na jirani ni hatua nyingine, na hiyo haiandikwi na waziri.

Lakshmi ni nani?

Wahindu wengi watakwambia kwamba Mungu kwao ni mmoja mwenye sura nyingi, na kwamba sura hizo zina majina, hadithi na kazi zake. Miongoni mwa sura za kike, tatu ndizo zinazotajwa zaidi: Saraswati wa elimu, Durga wa nguvu na ulinzi, na Lakshmi wa neema. Lakshmi ni mke wa Vishnu, mwenye kuhifadhi ulimwengu. Huchorwa akiwa na mikono minne, amekaa au amesimama juu ya yungiyungi, na sarafu za dhahabu zikimdondoka kiganjani. Katika sehemu nyingi za India mnyama wake ni bundi. Msomaji wa Pwani, ambaye alikatazwa utotoni hata kumtaja bundi usiku, atashangaa hapo. Ndege wa mkosi kwetu ni kipando cha neema kwao.

Hadithi ya kuzaliwa kwake yatuhusu sisi watu wa bahari. Wahindu husimulia kwamba miungu na majitu waliisuka bahari ya maziwa kama mtu asukavyo maziwa apate siagi. Mlima ulikuwa mwiko wao na nyoka mkubwa alikuwa kamba. Kitu cha kwanza kutoka hakikuwa mali, kilikuwa sumu kali, nayo ilibidi Shiva ainywe ili viumbe wasiangamie. Hazina zilitoka baadaye, na miongoni mwake akatoka Lakshmi. Kwa hivyo katika imani yao utajiri watoka baharini, watoka kwa kazi ya pamoja hata na maadui, na haupatikani bila mtu kukubali kuimeza sumu yake kwanza.

Ibada yake kubwa ni usiku wa Diwali, usiku wa mwezi mwandamo ambao mbingu ni giza tupu. Kabla yake nyumba husafishwa kila pembe, kwa kuwa yasemwa Lakshmi haingii penye uchafu. Mlangoni huchorwa mapambo ya unga wa rangi, na pengine nyayo ndogo zinazoelekea ndani, ishara kwamba mgeni amekaribishwa. Taa za udongo hupangwa vibarazani na madirishani. Siku mbili kabla, watu hununua dhahabu au hata chombo kipya cha jikoni. Ibada yenyewe, iitwayo puja, ina maua, ubani, vitamutamu na taa inayozungushwa mbele ya sanamu au picha.

Kwa Wagujarati, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, kuna jambo la ziada. Mwaka wao mpya huanza mara baada ya Diwali. Kwa hivyo usiku huo mfanyabiashara huleta vitabu vipya vya hesabu, siku hizi hata kompyuta, na kuviweka mbele ya Lakshmi, Saraswati na Ganesh. Maneno mawili huandikwa, *shubh* na *labh*. La kwanza lina maana ya heri, la pili faida. Heri hutajwa kwanza.

Na jambo moja zaidi, lenye uzito mkubwa kuliko yote: Lakshmi hasifiwi kwa kukaa. Moja ya sifa zake ni kutotulia. Huingia na huondoka. Husemwa kwamba huikimbia nyumba yenye uvivu, ugomvi, dhuluma na kudharau wanawake. Katika mafundisho ya Kihindu mali ni lengo halali la maisha, lakini lazima iwe chini ya haki na wajibu, wanaouita *dharma*. Mali iliyotoka nje ya hapo si Lakshmi tena.

Kajiado, nchi ya ng'ombe na ya Enkai

Wahindi walifika ukanda huu kwa reli. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi waliosalia walirudi kwao, wachache wakabaki. Reli ilipita Athi, na baadaye, kabla ya vita vya kwanza vya dunia kwisha, tawi likafika Magadi kupitia Kajiado. Nyuma ya reli yalifuata maduka. Neno *bepari*, ambalo siku hizi twalitumia kama tusi la kisiasa, lilikuja kwetu kutoka lugha za Kihindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara tu. Vivyo hivyo *pesa*, *laki*, *gari* na *cheti*.

Wenye nchi, Wamaasai, hawakuwa watu wasio na imani wakingoja kufundishwa. Humwita Mungu Enkai, na jina hilo lina kiambishi cha kike cha lugha ya Maa. Husimulia juu ya Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, mwenye huruma, na Enkai Nanyokie, mwekundu, mwenye hasira. Na husimulia kwamba ng'ombe waliteremshwa kwao kutoka mbinguni. Kwa Wahindu nao, ng'ombe ni mahali anapokaa Lakshmi, ndiyo maana hawamchinji. Mmaasai humla ng'ombe wake na Mhindu hamli, hapo hawapatani hata kidogo. Lakini wote wawili wakimtazama ng'ombe wanaona baraka kabla ya kuona bei. Ukame wa 2022, ulioyaua mifugo kwa wingi Kajiado, haukuwa hasara ya pesa tu kwa Mmaasai. Mhindu aijuaye dini yake ana sababu ya kuuelewa msiba huo kuliko wengi wetu.

Hayo hayasemwi Kitengela. Mji umekua mbio kuliko mazungumzo. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na ardhi ikaanza kuuzwa vipande vipande. Sheria ya maeneo huru ya uzalishaji bidhaa za kuuza nje, EPZ, ilipitishwa 1990 na viwanda vikasimama Athi River, upande wa pili wa mpaka na Machakos. Mwaka 2009 mji ulikuwa na watu wasiofika 60,000. Mwaka 2019 walipita 150,000. Kuna Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mkisii, Mmaasai, Msomali, na vijana wetu wa Kilifi na Kwale waliofuata kazi. Ukienda mbele kidogo, Kisaju, kuna shule ya Sri Sathya Sai, iliyopewa jina la mwalimu wa kiroho kutoka kusini mwa India. Watu wa kila aina wako hapo. Kilichokosekana ni muda wa kuzoeana.

Baniani mbaya, kiatu chake dawa

Methali hiyo ni yetu, na tuikubali ilivyo. Yasema: huyu mtu simpendi, lakini nafaidika naye. Imetusaidia kufanya biashara kwa karne nyingi. Enzi za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, na mali ya pwani nzima ikapita katika daftari lake. Lakini methali hiyo hiyo ina hatari. Kiatu kikiacha kuwa dawa, hubakia "Baniani mbaya" peke yake.

Tumeyaona hayo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi waliokuwa mabarazani wakashangilia. Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi hapa Kenya, maduka ya Wahindi Nairobi yaliporwa. Waporaji hawakuuliza nani Mhindu, nani Bohora, nani Kalasinga, wala nani mwajiri mwema na nani dhalimu.

Sasa tuseme upande wa pili, kwa maana ujirani hauna maana kama ni wa kunyamaziana. Wafanyakazi wa EPZ ya Athi River waligoma kwa wingi Januari 2003, wakidai mishahara na hali bora za kazi. Viwanda hivyo ni vya wenyewe kutoka nchi nyingi, si Wahindi peke yao. Lakini malalamiko ya kibarua asiye na mkataba, anayelipwa kwa siku na kuachishwa kwa siku, husikika hadi leo katika viwanda na maghala mengi, huko na hapa Mombasa. Septemba 2025 mpango wa AGOA, uliofungua soko la Marekani kwa nguo zetu bila ushuru, ulifikia kikomo chake, na wasiwasi wa kazi ukaongezeka. Katika hali kama hiyo, mwanasiasa anayetafuta wa kulaumiwa hana kazi ngumu.

Hapo ndipo kumjua Lakshmi kunapokuwa na faida kwa mfanyakazi pia. Mtu asiyeijua imani ya mwajiri wake ana silaha mbili tu: kunyamaza au kutukana. Anayeijua ana ya tatu. Aweza kumwambia: usiku wa Diwali uliliweka daftari lako mbele ya mungu wako na ukaandika heri kabla ya faida. Jina langu limo kwenye daftari hilo? Saa zangu za ziada zimo? Mshahara uliokatwa bila maelezo umeandikwa kwa wino gani? Imani yako yasema Lakshmi huikimbia nyumba ya dhuluma. Kiwanda hiki ni nyumba au si nyumba?

Hiyo si dharau kwa dini ya mtu. Ni kumchukulia kwa uzito wa maneno yake mwenyewe. Wengi wetu huku Pwani twapenda kuhukumiwa hivyo hivyo: ukitaka kumkosoa Mwislamu, mkumbushe ujira na jasho, mkumbushe mizani, usimwite gaidi. Katiba, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Sheria itumike. Lakini sheria na dhamiri zikisukuma upande mmoja, mlango hufunguka upesi zaidi.

Idd na Diwali kwenye ukurasa mmoja

Kuna sababu nyingine ya watu wa Pwani kulijali jambo hili. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, yaifanya Idd-ul-Fitr sikukuu ya Wakenya wote. Idd-ul-Azha haikuwekwa hapo. Imeandikwa kuwa sikukuu ya Waislamu pekee, na iliyo pamoja nayo ni Diwali, sikukuu ya Wahindu pekee. Ndiyo maana kila mwaka twasubiri waziri atangaze kama Idd kubwa itakuwa ya wote. Mara nyingi miaka ya karibuni ametangaza, lakini hiyo ni hisani ya mwaka hadi mwaka. Malalamiko yetu na ya jirani Mhindu yamelala kwenye ukurasa mmoja wa sheria, na hatujawahi kuyabeba pamoja.

Vivyo hivyo baada ya Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi kuanzia 2023, na jopo la Mchungaji Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2024, likipendekeza taratibu mpya za kusimamia mashirika ya dini. Kulinda watu dhidi ya wadanganyifu ni lazima. Lakini taratibu hizo zitagusa misikiti, makanisa na mahekalu, na zitatekelezwa na maofisa ambao huenda hawajui tofauti ya puja na uganga. Kifungu cha 8 cha Katiba chasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 chalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Anayenyamaza hekalu linapoonewa atakuwa na maneno gani zamu ya madrasa ikifika?

Pwani ina la kufundisha

Mombasa hatukuzuiliwa na dini zetu kukaa pamoja. Hekalu la Wajaini la Barabara ya Langoni, lililofunguliwa 1963, limesimama mji wa kale katikati ya misikiti. Hekalu la Swaminarayan liko Haile Selassie, na msafara wa harusi ukipita hapo hakuna aliyewahi kupotea dini kwa kusikia ngoma. Mwislamu haabudu sanamu na hatabadilika kwa kujua jina la Lakshmi. Mhindu hatasilimu kwa kula biriani ya Idd. Mipaka ya imani twaijua, na ndani ya mipaka hiyo tumeuziana, tumekopeshana, tumezikana.

Kitengela haijapata karne tatu za kujifunza hayo, na haitazipata. Lazima ijifunze kwa miaka michache. Hilo lawezekana kwa mambo madogo. Jumuiya za Wahindu zifungue milango siku ya Diwali kwa wafanyakazi na majirani, si kwa kugawa peremende langoni tu, bali kwa kueleza taa ile inawashwa kwa nini. Waajiri wafunge hesabu za wafanyakazi kabla ya kufungua vitabu vipya, ili puja isiwe na deni. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wajue kalenda ya mwajiri kama wanavyoijua sheria ya kazi. Shule zinazofundisha elimu ya dini zitenge walau somo moja la kumfundisha mtoto jirani yake anaabudu nini, kwa maneno ambayo jirani mwenyewe angeyakubali. Na wabunge wetu wa Pwani, watakapodai Idd-ul-Azha iingie kwenye orodha ya wote, wamtafute Mhindu wa Kajiado na wa Nairobi wazungumze naye, kwa kuwa sheria inayobanwa ni ile ile.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wahindu walilichukua daftari wakaliombea. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba katika daftari hilo, Kitengela na kwengineko, kila aliyefanya kazi ameandikwa.